Kofia Kavu ya Manza

Maiti ya Mbaruku, mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Handeni, iliokotwa alfajiri katika ghuba ya Manza, karibu na mji wa Tanga. Alichomwa kisu kifuani, akasukumwa chini ya mizizi ya mikoko. Kando yake ilikuwako kofia ya mpagazi wake, Kibwana.

Kwa Wajerumani kofia ile ilitosha. Kibwana angenyongwa Ijumaa.

Kwa kuwa wahusika wote walikuwa watu wa bara, aliitwa Shaushi Mhina wa polisi ya Korogwe, Mzigua mbishi kuliko punda. Alishuka gari moshi na viatu vipya vya serikali, alivyovipenda kuliko cheo chenyewe. Akaenda moja kwa moja korokoroni.

"Shikamoo, mzee," alisema Kibwana.

"Marahaba. Ulimwua?"

"Nimwue mkwe wangu? Binti yake, mchumba wangu Zuena, ndiye aliyenishonea kofia ile."

"Ilifikaje Manza?"

"Sijui. Niliiacha kambini kwa msafara wetu, nikaja mjini. Jioni nikakamatwa kwa ugomvi, nikalala humu humu."

"Mbaruku aliuawa alasiri. Ugomvi haukuokoi."

Kibwana akalia kwa sauti. Mhina alimwonea huruma, akatoka haraka.

Askari Mbwana ndiye aliyeichukua maiti.

"Uliikutaje?"

"Chapachapa, Shaushi. Nikadhani umande."

"Na kofia?"

"Kavu kabisa. Nisamehe, baadaye jua lilikuwa kali. Nilirudi nimeivaa."

"Umevaa ushahidi?"

"Ilinikaa vizuri."

Kesho yake asubuhi Mhina alikwenda Manza. Palikuwa kimya. Mji haukuwa mbali, lakini vilima viliuzuia upepo, na maji yalitulia mbali kule nje ya matope. Hakuwa amewahi kuizuru bahari kwa karibu, akaipenda. Akavua viatu, akaviweka juu ya mizizi ile alipolazwa marehemu, akapekua matope asione kitu. Njaa ikamwuma. Akapanda ukingoni, akala mihogo yake ya kuchoma, akasinzia kidogo.

Alipofumbua macho, hapakuwa na mizizi wala viatu. Palikuwa na bahari.

Aliitukana kwa Kizigua tusi moja baada ya jingine. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Alipokwisha kucheka akajitosa majini kuvitafuta viatu.

Alasiri ile akamwita Mwinjuma, mchuuzi wa Masuguru aliyesafiri na marehemu. Yeye ndiye aliyeleta habari za maiti.

"Ulimwona nani na Mbaruku?"

"Kibwana, alasiri. Walikwenda ufukoni, akarudi peke yake. Alfajiri nikaenda kutazama, nikakuta maiti."

"Na kofia?"

"Pale pale alipoidondosha."

"Ililala pale usiku kucha?"

"Usiku kucha. Nani apite kule?"

"Bahari ilipita."

Mhina akaweka viatu vyake mezani. Vilichuruzika maji, na kimoja kilikuwa na mwani.

"Hivi niliviacha muda wa kula mihogo tu. Maiti ililowa, kofia ikabaki kavu. Basi iliwekwa alfajiri, maji yalipokwisha kupwa. Alfajiri Kibwana alikuwa korokoroni. Kofia yake ilikuwa kambini. Nani alilala kambini, kisha akaenda ufukoni alfajiri, Mwinjuma?"

Mwinjuma akautazama mlango.

"Njia ya mwongo fupi, ndugu yangu. Sema."

"Sikujua kama bahari huamka usiku," Mwinjuma alisema. "Nilimposa Zuena. Mbaruku akanicheka mbele ya wapagazi, akasema heri mpagazi kuliko mimi. Baba mdogo wa Zuena alikuwa upande wangu. Mbaruku akifa, Kibwana akinyongwa, nani angenizuia?"

"Mimi," alisema Mhina, na furaha ikamjaa kifuani. "Mfunge pingu, Mbwana. Na hiyo kofia nipe!"

Ijumaa ile Kibwana alishuka gari moshi Korogwe, kofia kichwani. Zuena, amejitanda kaniki ya msiba, alimkimbilia akilia na kucheka kwa pamoja. Stesheni nzima ikapiga vigelegele.

Nyuma yao alishuka Mhina, viatu vyake vimepauka kwa chumvi, vikilia kila hatua.

"Shaushi, serikali haitakupa vingine?" aliuliza Kibwana.

"Sivitaki," alisema Mhina. "Hivi vimetoa ushahidi."