Pumzi ya Diriye Haiazimwi

Ugbad alimwekea mumewe mkate wa anjera na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia. Akageuka kuchukua sukari. Aliporudi, Diriye alikuwa amelala akiwa ameketi, kipande cha anjera mkononi, mdomo wazi.

"Diriye!"

Alishtuka. "Niko macho."

"Macho gani hayo? Nzi ametua mdomoni na wewe huna habari. Utaendeshaje lori la maji hivyo?"

"Wafugaji wanangoja maji, Ugbad. Mifugo yao itakufa."

Akanawa uso, akatoka. Ugbad alibaki na hasira kifuani. Alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu mumewe alikuwa amekwisha kupata nafuu.

Zamani, akilala, Diriye alikoroma, kisha pumzi ikakatika kabisa, kisha akaamka akitweta. Mchana alisinzia popote. Majirani walisema ni uvivu. Wengine walisema ni jini. Daktari mmoja Nairobi alimpima akiwa usingizini, akasema ni ugonjwa. Koo lake hulegea akilala, na njia ya hewa inajifunga mara nyingi usiku mmoja. Alimpa mashine iitwayo CPAP. Mashine hiyo hupuliza hewa kupitia barakoa inayovaliwa puani, na hewa hiyo huiweka njia wazi. Baada ya kuizoea, Diriye alirudi kuwa mtu.

Ndipo akaja Adeer Warsame, yaani ami yake, ndugu wa marehemu baba yake Diriye. Naye pia alikuwa akikoroma.

"Nipe hiyo mashine kwa muda mfupi," alisema. "Damu yangu haiwezi kuninyima."

Kwa wafugaji, ndugu asiye na maziwa huazimwa ngamia anayekamuliwa. Watoto wakishiba, ngamia hurudi kwa mwenyewe. Ni desturi nzuri, imeokoa wengi wakati wa ukame. Lakini mashine si ngamia! Diriye hakuthubutu kumkatalia ndugu wa baba yake. Akaitoa.

Mashine iliporudi, Diriye aliichukia. Aliamka tumbo limejaa hewa na mdomo umekauka. Barakoa ilipiga miluzi ikimvujia machoni. Akawa anaivua na kuitupa kando. "Imeharibika," alisema, na hakutaka maneno zaidi.

Siku hiyo aliyosinzia na anjera mkononi, alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, kwa miguu.

"Lori liko wapi?" Ugbad aliuliza.

"Njia ya Dagahaley. Nilisinzia. Lori likaacha barabara, likaenda moja kwa moja kwenye kituo cha maji. Watoto walikuwa pale na mitungi, Ugbad. Miiba na mchanga ndivyo vilivyolisimamisha."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna. Alhamdulillahi. Lakini niliziona nyuso zao."

Ugbad hakulia. Alichukua mashine, akamshika mumewe mkono, wakaenda hospitali kwa Khadra, muuguzi aliyesomea magonjwa ya kupumua.

Khadra aliisikiliza habari yote. Kisha akaiwasha mashine na kusoma kumbukumbu zake.

"Nani amegusa presha ya hewa?" aliuliza.

"Presha gani?" Diriye akauliza.

"Nguvu ya upepo. Daktari wako alikuwekea tisa. Sasa ni kumi na tisa. Mwisho wa mashine ni ishirini!"

Ugbad alifahamu papo hapo. Akapiga simu kwa Mahat, fundi wa simu sokoni, maana Warsame hapeleki kitu kutengenezwa kwingine. Akapandisha sauti ya simu ili wote wasikie.

"Mahat, uliifungua mashine ya Diriye?"

"Mimi niliongeza upepo tu. Mzee Warsame alisema yeye mtu mkubwa, hiyo hewa ni ya mtoto. Nikaangalia kwa mtandao vile daktari anaifungua. Iko rahisi sana."

Khadra akainama kwenye simu. "Rahisi? Ungekuta dawa ya mtu ungeongeza vidonge? Hewa hiyo ni dawa! Ina kipimo, na kipimo hicho ni cha mtu mmoja."

Mahat akakata simu.

"Lakini hewa nyingi si ndiyo inafungua koo vizuri?" Diriye aliuliza.

"Hapana. Ikiwa kidogo mno, koo linaendelea kujifunga. Ikizidi, inavuja kwenye barakoa, inaingia tumboni, inakuamsha. Kuna watu ambao hata pumzi yao huvurugika zaidi. Halafu unaivua, na ukiivua umerudi pale pale pa zamani."

"Na ukubwa wa mwili?"

"Unene unaweza kuongeza ugonjwa. Lakini kipimo hakikisiwi kwa kumtazama mtu tumbo. Hupimwa."

Khadra alizungumza na daktari wa Nairobi, akairudisha presha kwenye tisa. Akaweka hewa ianze polepole mpaka usingizi umchukue Diriye. Akabadilisha kichujio kilichojaa vumbi, akaikaza barakoa vizuri.

"Rudi baada ya wiki moja," alisema. "Na usiguse usukani mpaka nikwambie."

"Na maji ya watu?"

"Mwenzako atayapeleka. Dereva anayesinzia hapeleki maji, anapeleka msiba."

Waliporudi, Khadra alisoma tena kumbukumbu. Hewa haikuvuja, ila koo lilikuwa bado linajifunga mara kadhaa. Diriye alikuwa amenenepa kidogo tangu alipopimwa. Daktari akaagiza presha ipandishwe hatua moja tu. Safari iliyofuata, kukatika kwa pumzi kulikuwa kumebaki kidogo sana.

Wakati huo Warsame alimtuma mwanawe kuiazima mashine tena. Ugbad alimrudisha mlangoni mikono mitupu. Lo! Wazee wa ukoo wakaja pamoja na Warsame na malalamiko yake. Walitaka nyumba ya Diriye itoe haal, yaani faini ya kumtuliza mtu aliyevunjiwa heshima.

"Mke wa Diriye amenidharau," Warsame alisema. "Ninanyimwa upepo!"

Ugbad alikuwa akimimina chai. Akaliweka birika chini.

"Adeer, wewe ni baba kwangu. Omba mbuzi, utapewa. Lakini uliichukua pumzi ya mume wangu, ukaibadilisha, ukaturudishia bila kusema neno. Lori likaenda kwa watoto wa watu. Wangekufa, haal yao angetoa nani?"

Abdimalik, mkubwa wa wazee wale, akamgeukia Warsame.

"Ni kweli uliibadilisha?"

"Niliagiza."

"Na ulipoirudisha, uliwaambia?"

Warsame aliangalia mkeka. "Hapana. Wallahi, hata mimi upepo ule ulinishinda. Niliona aibu kusema."

"Basi haal ipo," Abdimalik alisema. "Lakini anayeitoa ni wewe."

Warsame alileta mbuzi mwenyewe, bila kutuma mtu. Ugbad alimpokea kwa heshima, akamkaribisha chai, kisha akamwambia aende kwa Khadra. Warsame alinung'unika, ila alienda. Akatumwa Nairobi kupimwa. Alirudi na mashine yake, na presha yake ilikuwa ndogo kuliko ya Diriye. Mahat alipousikia ukweli huo alijificha nyuma ya simu zake mbovu.

Diriye alipewa ruhusa ya kuendesha. Sasa anatoka asubuhi akiwa macho, na maji yanafika kwa wafugaji.

Na mtu akienda kwa Warsame kuomba mashine, mzee humfokea kabla hajakaa:

"Unataka kuua watoto wa watu? Kapimwe kwanza!"