Taa ya Luvungi Ilibaki Kijani

Nina miaka hamsini na mbili, ni mjane, na ninauza vitenge hapa Kadutu, Bukavu. Wanaoniona sokoni hawajui kwamba zamani nilikuwa sekretere wa shirika la misaada. Leo nawaeleza ndugu wasomaji jinsi nilivyompoteza mume wangu... si kwa risasi tu, bali pia kwa uongo wa mtu aliyekula mezani kwetu.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya nchi yetu. Barabara ilifunguka leo, kesho ikafungwa. Mume wangu Bisimwa, niliyemwita Papa Amani kwa jina la mtoto wetu, alikuwa dereva wa shirika hilo hilo. Alipeleka dawa kwenye vituo vyetu vya Katana, Nyantende, na Luvungi kule chini kwenye bonde la Ruzizi. Simu huko hazikuwepo. Kila kituo kilikuwa na redio ya kuongelea, tuliyoiita fonie.

Kisha bureau, ofisi yetu ya Bukavu, ikapata kompyuta ya kuchunga fonie zote. Iliziita moja moja, kutwa nzima. Kituo kikijibu, taa yake kwenye skrini ilikuwa kijani. Kisipojibu, iligeuka nyekundu na kengele ikalia.

Aliyeisimamia, chini ya chef, mkubwa wa ofisi, ni Déo, rafiki wa mume wangu tangu shuleni, parrain wa Amani wetu, yaani baba yake wa ubatizo. Jumapili baada ya misa alikuja kwetu kula ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, kama mtu wa nyumbani.

Mke wa dereva wakati wa vita anaishi kwa habari. Kila Papa Amani alipokuwa na safari, nilipita kwanza kwa Déo kuangalia ile skrini. Ikiwa kijani, nilipumua.

Asubuhi ile ilikuwa safari ya Luvungi. Sokoni watu walinong'ona kwamba wenye silaha wameshuka bondeni. Papa Amani mwenyewe alisita. Tukaingia kwa Déo sote wawili, tukamuuliza Luvungi kukoje.

"Iko vert, angalia wewe mwenyewe," Déo akajibu. "Kengele hailie. Enda na amani, kaka."

Taa ilikuwa kijani kweli. Mume wangu akatabasamu, akaniambia nimwekee chakula, akaondoka...

Hakurudi. Habari ililetwa na watu waliokimbia bondeni. Gari lilifika kituoni likakuta wenye silaha wamekwisha kukiteka, wanalala humo. Walimtoa kwenye usukani, wakampiga risasi mbele ya mlango. Wakulima wa pale walimzika pembeni ya shamba la mihogo. Hata mwili sikuuona.

Déo alikuwa wa kwanza kufika matangani. Alibeba viti, akafunga turubai, akamkumbatia Amani na kulia kuliko hata mimi. Watu wakasema, huyu ndiye rafiki. Aliniambia pengine kituo kilishambuliwa wakati gari liko njiani. Nikaamini. Ningemshuku vipi?

Kabla matanga hayajaisha, akaja Maman Mapendo, aliyekuwa akiongoza fonie ya Katana. Aliketi kwenye mkeka, akanishika mkono.

"Pole, maman. Lakini kwa nini mulimutuma kule? Luvungi haikuwa inaongea tena. Nilikuwa naiita kila asubuhi, hakuna mutu wa kujibu. Nilimuambia Déo."

Déo alikuwa amesimama hapo hapo, kiti mkononi. Nikamwuliza kama ni kweli. Akakiweka kile kiti chini polepole.

"Machine ilikuwa inalia, inalia tu," alisema. "Chef akasema makelele inamuchokesha. Nikaiweka Luvungi mu maintenance, kama vile iko inatengenezwa. Ukifanya vile hailie tena, na taa inarudia kijani. Nilifikiri ni batri tu imekufa."

"Na siku ile tulikuuliza?"

"Nilikuwa nimemupa chef rapport kwamba vituo vyote viko bien. Niliogopa kazi yangu."

Alijua, ndugu wasomaji... Alimtazama rafiki yake usoni, akijua kwamba Luvungi hakuna anayejibu, akamwambia aende na amani!

Shirika liliita kifo kile ajali ya vita. Nilipomweleza chef ukweli mbele ya wafanyakazi, mkataba wangu haukuongezwa. Déo alibaki na kazi yake. Amani alikuwa akiniuliza kwa nini parrain haji tena kula.

Vita vilipotulia nilishuka Luvungi. Mzee mmoja alinionyesha mahali. Nilipiga magoti kwenye udongo ule, nikakaa mpaka dereva aliyenileta alipokuja kuniinua.

Mwaka jana Déo, sasa mwenye mvi, alikuja na padri kuniomba msamaha. Nilisema nimemsamehe. Mdomo umesema, moyo bado unafuata nyuma, unachechemea.

Ninyi mnaochunga mashine za watu, kengele ikiwachosha msiizime kabla hamjajua kinachoiliza. Na mtu akiwauliza kama njia ni salama nanyi hamjui, semeni hamjui. Sikumwomba Déo ushujaa. Angesema tu, "Sijui, kaka," na Papa Amani angezima gari, tukarudi nyumbani.