Besi ya Teksi ya Castory

Mwaka ule redio za magari kutoka Dubai zilijaa madukani, na kila dereva wa teksi pale Dodoma alitaka gari lake lisikike kabla halijaonekana. Castory aliingia katika duka moja karibu na soko, amekumbatia amplifaya kubwa kama begi la safari. Alimkuta msichana aliyevaa ovaroli ya bluu na kitambaa chekundu kichwani, akamwuliza fundi yuko wapi.

"Unaongea naye," akajibu Elieth.

Aliigeuza spika ya Castory, akamwambia amplifaya ile ingeiunguza mara moja. Akamchagulia ndogo, inayoendana na nguvu ya spika. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri hadi kwenye buti, akaupitisha mbali na injini, akaweka fyuzi, ya kukata umeme ukizidi, jirani kabisa na betri. Castory alichuchumaa pembeni, akiuliza maswali ambayo majibu yake hakuyasikiliza.

"Kwani unataka muziki, au kuvunja vioo vya watu wa Makole?"

"Nataka sababu ya kurudi hapa, fundi wangu."

Akarudi. Akawa anapiga simu dukani mpaka mwenye duka akachoka kumwita Elieth. Jumapili moja walikwenda Chamwino kwa mama yake Elieth, binti amevaa gauni la kitenge la njano, na njiani Castory akazungumzia posa.

Kisha ikaja siku ya moto. Elieth alikuwa amekaa kiti cha mbele pale kituo cha teksi, wanasubiri kuondoka, wakasikia harufu ya plastiki inayoungua. Moshi ukafuka chini ya boneti. Watu wakakimbia. Elieth alifungua boneti, akaukamata waya uliokuwa ukiyeyuka, akaung'oa kwenye betri kwa mkono mtupu. Moto ukafa. Ngozi ya kiganja chake ilibaki kwenye waya.

Castory hakukitazama kiganja. Alilitazama gari, kazi pekee aliyokuwa nayo.

"Umenichomea gari," akasema, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Kazi gani hii uliyonifungia?"

"Si kazi yangu hii, Castory. Angalia fyuzi."

"Niangalie nini tena?"

Elieth aliondoka kwa miguu kwenda zahanati, ameushika mkono kifuani. Maneno yale yalizunguka mji. Madereva wakaacha kumpelekea magari, na mwenye duka akamwomba akae nyumbani kwanza. Castory alilala na hasira yake na hakumtafuta.

Alipoanza kutoa nyaya zilizoungua, alifungua kikasha cha fyuzi. Ndani hamkuwa na fyuzi. Mlikuwa na karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa na kubanwa. Alikwenda moja kwa moja kwa rafiki yake Fredy, aliyekuwa ameliazima gari lile kabla ya moto kwa ajili ya harusi. Fredy akakiri kwamba aliongeza spika, fyuzi ikakata watu wakiwa wanacheza, ndipo akabana karatasi ile ili umeme usikatike tena. Waya nao aliuacha umelalia ekzosi, lile bomba la moshi lenye joto kali.

Castory alimkuta Elieth nyumbani Makole, mkono una bendeji. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, macho chini, akaomba msamaha.

Elieth aliangaza uani; walikuwa wawili tu.

"Ulinitukana mbele ya mji mzima," akasema. "Leo unaninong'oneza uani?"

Castory alikitoa mfukoni kile kikasha cha fyuzi. Alimwomba wafuatane mpaka kituoni, na Elieth akamfuata, nyuma kidogo. Pale, mbele ya madereva na abiria, Castory aliinua kikasha juu akasema kwa sauti ileile ya siku ya moto: kazi ya fundi Elieth ilikuwa safi, yeye ndiye aliyemsingizia, na mkono ule uliungua ukiokoa gari lake. Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja mzee akauliza kama fundi angeweza kumtazamia redio yake mkono ukipona.

Elieth alisogea hadi alipokuwa Castory.

"Siku nyingine nikikwambia angalia, utaangalia?"

"Nitaangalia."

"Basi posa ilete Chamwino," akasema. "Na Fredy asiguse gari la harusi."