Kibonde Nyuma ya Kifundo

Jumamosi soko la Malindi lilikuwa halipitiki. Kioko alisimama mbele ya fungu la nazi, shati lake la kaki likiwa na michirizi myeupe ya chumvi ya Marereni alikofanya kazi, lakini macho yake hayakuwa kwenye nazi. Muuzaji alikuwa msichana aliyejifunga leso nyekundu, na leso nyingine ameikaza kichwani mpaka nyusi zimepanda.

"Kichwa kinakuuma, dada?"

"Tangu alfajiri. Wataka nazi ngapi?"

"Naomba mguu wako."

Msichana, jina lake Kadii, alimtazama toka kofia hadi viatu. "Hapa twauza nazi na ndimu, kaka. Miguu imekwisha."

Mbeyu, muuza samaki wa kukaanga aliyekaa jirani, alicheka akashika mbavu. Kioko hakukasirika. Alieleza kwamba kabla ya kuja pwani alikuwa kibarua Nairobi, Wachina walipokuwa wakijenga uwanja wa michezo Kasarani. Daktari wao wa kambini alimwonyesha kibonde kilicho kati ya kifundo cha nje na kano la kisigino. Walikiita Kunlun, jina la milima ya kwao. Wenyewe walikichoma sindano. Yeye alifundishwa kukibonyeza kwa kidole gumba. Kilituliza kichwa, shingo na mgongo.

"Ila kwanza nikuulize. Una mimba?"

"Ati nini?"

"Mwenye mimba habonyezwi hapo. Mwalimu wangu aliniapisha."

"Sina mimba, sina mume, na sina nafasi," alisema Kadii, lakini mguu aliutoa.

Kidole cha Kioko kilikuwa kigumu kwa kushika koleo, ila kilitua polepole, kikakaa. Kadii alifumba macho. Alipoyafumbua, aliilegeza leso ya kichwani na kumwongezea nazi moja ya bure.

Tangu hapo kila Jumamosi wanawake wa soko walipanga foleni. Kioko alimuuliza kila mmoja swali lile lile, na akimruka mtu, soko zima lilijua kabla ya mumewe. Katikati ya juma alipiga simu dukani kwa Phineas, naye Phineas alimwita Kadii kwa kugonga debe.

"Haloo, Nazi wangu."

"Haloo, Chumvi. Leo umemshika nani mguu?"

"Leo nimeshika koleo tu. Linakusalimu."

"Liambie lisikuzoee."

Basi Jumamosi moja Mbeyu alimvuta Kioko pembeni. "Mzee Mwambire amesikia kuna mtu wa bara anamshika bintiye mguu hadharani. Hajapenda."

Kioko aliona haya. Pale pale akaamua hatamgusa tena Kadii mpaka amwombe kwa baba yake. Uamuzi ulikuwa mzuri. Kosa lake ni kwamba hakumwambia mtu. Foleni ilipomfikia Kadii, ameshanyoosha mguu, Kioko alisema kwa sauti ya chini, "Wewe siwezi," akasogea kwa mwingine.

Wanawake walitazamana. Kisha mtu mmoja akasema, "Hongera, Kadii."

Kioko alipopiga simu Jumatatu, hakuitwa Chumvi.

"Kioko, umenipa mimba ya mdomo."

Kioko alianza kucheka, akakatishwa.

"Usicheke. Habari ilinitangulia nyumbani Matsangoni. Mama hali. Baba ameniuliza nani, nikasema hakuna, akasema basi soko nimelimaliza, siendi tena. Wewe uliniruka kwa nini?"

"Kadii, mpenzi, nilitaka kwanza nije kwa mzee..."

"Ungesema. Mdomo wa kuuliza mimba za watu unao."

Simu ikakatwa.

Jumamosi Kioko alifika sokoni mapema, akitaka aendelee hadi Matsangoni. Hakufika mbali. Kadii alikuwa anashuka kwenye basi, amevaa gauni la kanisani na leso mpya, na nyuma yake Mzee Mwambire, fimbo mkononi. Binti alikuwa amemsihi baba yake juma zima aje aone kwa macho yake. Kadii alikaa juu ya gunia la nazi mbele ya wanawake wote, akavua kandambili.

"Niulize," alisema. "Kwa sauti."

"Una mimba?"

"Sina. Bonyeza."

Kioko alimtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa, ndiyo. Kidole kikatua nyuma ya kifundo, na Mbeyu akainama karibu kama anayekagua samaki, asije mtu akasema hakikubonyeza.

"Sasa nendeni mkayaseme na haya," alisema Kadii akiwageukia wanawake.

"Shikamoo, mzee," alisema Kioko. "Siku ile sikumgusa kwa sababu nilitaka nikuombe kwanza. Nataka kumwoa Kadii."

"Marahaba." Mwambire alijishusha juu ya gunia lingine, akavua kiatu. "Nina shingo haigeuki tangu kuvuna mahindi. Mimi huna haja ya kuniuliza lile swali."

Wanawake waliangua kicheko. Kioko alibonyeza. Mzee aligeuza shingo kushoto, akaigeuza kulia, kisha akasema, "Njoo na wazee wako."

"Umesikia, Chumvi?" alisema Kadii.

Mwaka uliofuata, jioni moja kibarazani kwao Marereni, Kadii alinyoosha mguu juu ya mapaja ya mumewe. "Mgongo leo."

"Una mimba?" aliuliza Kioko kwa mazoea, kidole kikitafuta kibonde.

Kadii aling'ata ncha ya leso, akatabasamu.

Kidole kilisimama. Kioko aliufunika mguu ule kwa leso, akaushika hivyo hivyo bila kuubonyeza, mpaka chai yao ikapoa.