Kula Kwanza

"Kula kwanza, mpenzi."

Josepha alimtazama sato aliyekaangwa, kisha akamtazama Otuoma, mchumba wake, anavyojifuta jasho. Jasho la nini, na upepo wa ziwa hapo mgahawani Kirumba unapeperusha vitambaa vya meza?

Kwa kina Otuoma, mtu haambiwi habari mbaya tumbo likiwa tupu. Atalishwa ashibe, ndipo asikie nani kafariki. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemsimulia, tena wakicheka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Kula."

"Sili mpaka useme."

"Nami sisemi mpaka ule."

Haya sasa. Harusi keshokutwa, ndugu zake kutoka Bukoba wameshafika Igogo, baba mdogo Rutashobya ameshashona suti. Angekimbilia wapi? Hata kiti chake kilibanwa ukutani, na njia ya kutokea ilizibwa na magoti ya Otuoma.

Simu ya Otuoma ikawaka mezani. Ujumbe wa mama yake: "Ameshakula? Usimwambie kabla."

Josepha aliusoma wote. Akamega tonge, akalimeza kwa shida.

"Nimekula. Sema."

"Kwanza ujue wewe ndiye mke wangu wa kanisani. Mama anakupenda kuliko hata anavyonipenda mimi…"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Otuoma."

Otuoma akainamisha kichwa.

"Sabina, yule wa Magu. Ana mimba yangu. Wazee wameshapeleka ng'ombe wa mahari kwao. Lakini ataishi kijijini na mama, wala hutamwona."

"Na mkangoja wageni wangu wafike ndipo mniambie."

"Mama alisema ukiambiwa sasa hutaweza kurudi nyuma."

Ilimuuma Josepha, na kilichomuuma zaidi ni kwamba yule mama alikuwa amepiga hesabu vizuri. Shela ipo, kwaya ipo, ukumbi upo. Ukoo mzima umesafiri kuja kumpigia vigelegele. Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke.

Kisha akachukua simu yake, akapiga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

"Umeshakula?"

"Bado. Tunakusubiri wewe."

"Msinisubiri. Kuleni kwanza, wote, mshibe. Nakuja, nina neno la kuwaambia."

Otuoma aliyasikia maneno hayo, na hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Alifumba macho, akasogeza magoti.

Josepha akapita.