Moshi wa Mzee Tarver

Mzee Cleophus Tarver hakumwamini mtu. Polisi hakuwaamini. Tangu ujana wake walimsimamisha barabarani kila aliponunua gari linalong'aa kidogo. Vijana wa maandamano hakuwaamini pia. Na jirani yake, Bi Verlene Oglesby, ndiye ambaye mzee hakumwamini kabisa. Mama huyo alihamia Mtaa wa Dupree miaka kumi hivi iliyopita, yaani juzi kwa hesabu ya Dupree. Penye maandamano alivaa kofia ya kijani na kupiga watu picha kwa simu.

"Jasusi yule," mzee alimwambia mkewe, Earline.

Hata saladi ya viazi ya Bi Verlene pale kanisani hakuigusa. "Saladi ya viazi hailiwi ovyo," alisema. "Lazima umjue aliyeikoroga. Wapo wanaotia zabibu kavu."

Alichokiamini ni pipa lake la kuchomea nyama. Alilipasua mwenyewe, akalitia mlango na bomba la moshi. Inasemekana harufu ya mbavu zake ilimrudisha nyumbani mume aliyekuwa ametoroka hadi jimbo la tatu. Mume mwenyewe hajakanusha.

Jumamosi moja mchana maandamano yalipita Dupree. Polisi walikuwa wamempiga risasi kijana mweusi wa mtaa huo, wakasema ameshika bastola. Mkononi alikuwa na funguo za gari. Watu weusi kwa weupe walitembea na mabango. Renita, binti wa Mzee Tarver, aligawa maji karibu na uzio wa baba yake.

"Renita, waambie wenzako wasiegemee uzio wangu."

"Baba, wanapumzika tu."

"Ndivyo wezi wanavyoanza. Wanapumzika."

Renita akacheka, akaendelea na chupa zake. Mzee akaenda uani na hila kichwani. Akachukua kuni mbichi, akazisukumiza ndani ya pipa. Moshi mweupe ukafumuka, ukaruka uzio. Akaupepea kwa kofia ili ufike vizuri.

"Haya, pumzikeni sasa," alisema, akaingia ndani kutazama televisheni.

Hakukaa sana. Helikopta ya televisheni ilikuwa ikionyesha moshi mzito juu ya nyumba. Mtangazaji akasema waandamanaji wanachoma moto Dupree.

"Si nilikwambia?" mzee alisema. "Wanateketeza mji."

Earline alisogea karibu na kioo. "Cleophus, lile si paa letu?"

Lilikuwa paa lao. Turubai la bluu lilikuwa palepale, juu ya tundu aliloahidi kuliziba tangu kimbunga kilipopita mtaani. Na moshi ulitoka kwenye bomba analolijua.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Verlene.

"Ndugu Tarver, polisi wamemchukua Renita. Wanasema amewasha moto."

Mzee alisimama. "Na wewe ndiye uliyewaonyesha."

"Mimi nilikuwa nashuhudia. Wazungu wawili walisimama naye palepale, bega kwa bega. Wao waliambiwa waende nyumbani."

Mzee akachukua kofia yake. "Nakwenda kituoni. Nitawaambia moshi ni wangu."

"Ukienda peke yako na hasira hiyo, tutatafuta wakili wa watu wawili. Keti kwanza. Nimeshampigia wakili, yuko njiani kwenda kwa Renita. Utamweleza yeye kwanza."

"Mwanangu atasema nini huko?" Earline aliuliza.

"Nilimfundisha. Atataja jina lake. Kisha atasema, 'Nanyamaza, nataka wakili.' Hatagombana, hatatia saini kitu."

Mzee alimkazia macho. "Nani anakulipa kupiga watu picha, Dada Oglesby?"

"Hakuna. Kofia hii ni ya mashahidi wa maandamano. Tunasimama pembeni, hatuwazuii polisi. Tunataja mahali na saa kwa sauti, huku tunapiga picha za video. Hatukati kipande. Na haturushi mtandaoni kabla wakili hajaona."

"Maneno matamu. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Kwanza kibao cha jina la mtaa. Kisha Renita, chupa za maji mikono yote miwili. Nyuma ya uzio, bomba linafoka moshi. Na kando ya bomba mzee mmoja mwenye mashavu manene, anapepea kwa kofia na kucheka peke yake.

Mzee akaiweka kofia chini.

"Nilitaka kufukuza nyuki," mzee alisema polepole, "nikamchoma mwanangu."

"Moshi ni wako," Bi Verlene alisema. "Lakini aliyemchagua Renita kati ya watatu si wewe. Na ile helikopta nayo haikushuka kuuliza. Mnakumbuka timu ya chuo cha ng'ambo ya mto iliposhinda? Vijana wa kizungu walipindua gari wakalichoma. Televisheni ilisemaje?"

"Ilisema wanasherehekea," Earline alijibu.

"Basi mkiona picha, ulizeni. Kamera iko wapi? Nini hakionekani? Nani hakuulizwa?"

Jumatatu Mzee Tarver alikwenda na wakili kwa mwendesha mashtaka. Alikuwa na hakika watamfunga yeye. Hata hivyo alisema kweli yote, na picha ikasema iliyobaki. Mashtaka yakafutwa. Renita akarudi nyumbani akinuka rumande, akamkumbatia baba yake. Televisheni nayo ilisahihisha habari, haraka haraka, kama mtu anayemeza kidonge kichungu.

Kesi ya yule kijana wa funguo haijaisha. Kwa hiyo watu walitembea tena. Safari hii Mzee Tarver alitumia kuni kavu, akafungua lango, na simu yake ilikuwa mfukoni, ina chaji. Waliochoka waliketi uani kwake wakala mbavu.

Ndani, Earline alipaza sauti. "Cleophus, njoo uone. Wanasema mji fulani unawaka moto."

"Kamera iko wapi?" mzee alijibu bila kugeuka.

Bi Verlene alifika na bakuli kubwa, akaliweka mezani. Saladi ya viazi. Mzee aliitazama muda mrefu. Akachota kijiko, akakinyanyua kwenye mwanga, akakizungusha.

"Dada Oglesby," alisema, "humu hakuna zabibu?"

"Hakuna, Ndugu Tarver."

"Una shahidi?"

"Renita alinitazama nikiikoroga."

Mzee akala.