Ng'ombe wa Gwantwa Hana Pembe

Pembe? Hakukatwa, mjukuu wangu, alizaliwa hivyohivyo. Kaa nikwambie, maana kosa lilikuwa langu.

Huyu ng'ombe ni wa Gwantwa, mke wa mwanangu. Alipokuwa ndama mama yake alikufa, Gwantwa akamlea kwa chupa kama mtoto. Maziwa yake tunakunywa, yanayozidi anawauzia majirani hapa Iyula.

Basi siku moja nachambua kahawa, redio inaongea. Nikasikia ng'ambo kuna ng'ombe wameharibiwa jeni, wanazaliwa bila pembe. Nikamtazama wa kwetu. Mdomo wangu unaujua. Jumapili kanisa zima lina habari.

Kesho yake jirani, Mama Tusekile, akaishia mlangoni.

"Gwantwa, maziwa ya ng'ombe aliyeharibiwa siyataki. Wanangu waote mikia?"

Mpaka Jumatano haji mtu. Gwantwa akaniambia, "Baba, ikiwa hivi namuuza kwa wachinjaji wa Tunduma." Anasema huku anamshika shingo.

Nikamfuata bwana mifugo, Anyelwisye. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, umesikia vibaya. Ni kuhariri, siyo kuharibu."

"Kuhariri ndiyo nini?"

"Kurekebisha. Jeni ndiyo inabeba urithi, kama rangi, kama pembe. Mtaalamu anairekebisha, ndama azaliwe bila pembe. Wewe ndama wako wa zamani pembe ulizifanyaje?"

"Nilizichoma kwa chuma cha moto." Kile kilio bado nakisikia.

"Umeona? Wanataka asichomwe. Lakini wa Gwantwa hata hajahaririwa. Mama yake nilimpandisha kwa mrija, mbegu ya dume asiye na pembe. Ukoo wao uko hivyo tangu zamani. Ila mtu akiuliza chakula kimetoka wapi, msimkasirikie. Ni haki yake. Ajibiwe kweli."

Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, nikasimama. Nikaeleza yote. "Nilisema ng'ombe kaharibiwa. Kumbe lililoharibika ni sikio langu."

"Na mdomo, mzee," akasema Mama Tusekile. Watu wakacheka.

Jioni akaja. Akampapasa ng'ombe kichwa. "Mbona laini hivi? Haya, nijazie ndoo. Nitayachemsha kama kawaida." Nyuma yake wakaja wengine, mpaka maziwa yakaisha.

Gwantwa alikuwa ameficha chungu cha maziwa mgando. Akasonga ugali, akamvuta na Mama Tusekile aje kula nasi.

"Baba, leo huo mdomo tumia kula."

Tukanawa, tukakaa wote, tukala.